Kumvizia au kumfuata: njia mbili za kuwinda bata mzinga wa porini

Mtu akishamaliza mafunzo ya uwindaji salama na kukata leseni yake huku Marekani, swali la kwanza kuhusu bata mzinga wa porini huwa ni hili: nikae mahali pamoja tangu giza la alfajiri nimngoje ndege aje, au nizunguke msituni nikiita mpaka dume mmoja anijibu, kisha nimsogelee? Njia ya kwanza ni kuvizia, ya pili ni kufuata. Zote mbili huleta nyama nyumbani, na kuna wawindaji waliozeeka katika kila moja ambao hawatakubali kubadili. Mimi nimesimama upande wa kuvizia. Nitaeleza kwa nini, na nitasema wazi pia ni nani asiyefaa kunisikiliza.

Mifano mingi itatoka Kentucky. Louisville na Lexington zina jamii kubwa za wasemaji wa Kiswahili, wengi wao kutoka Kongo, na jimbo lenyewe ni darasa zuri la ndege huyu. Mwanzoni mwa karne ya 20 bata mzinga walikaribia kutoweka katika sehemu kubwa ya Marekani, kwa kuwindwa bila mipaka na kwa kukatwa misitu. Kuanzia mwaka 1978 hadi 1997 Kentucky iliwarudisha kwa bidii: ndege wa porini walinaswa kwa nyavu na kuachiwa mahali pengine papya, mwaka baada ya mwaka. Leo wamo katika kaunti zote 120. Msimu wa majira ya kuchipua hufunguliwa Jumamosi iliyo karibu na Aprili 15, hudumu siku 23, na mwindaji huruhusiwa ndege wawili wenye ndevu, yaani lile fungu la manyoya magumu linaloning'inia kifuani mwa dume. Kanuni hizi hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma kijitabu cha mwaka husika kabla ya kutoka.

Tabia ya ndege ndiyo inayoamua

Bata mzinga hulala juu ya miti kama kanga wa kwetu. Alfajiri, kabla ya kushuka, dume hulia kwa nguvu, na asubuhi tulivu mlio wake husafiri mbali sana. Louisville katikati ya Aprili jua hutoka kama saa moja na dakika kumi, na madume huanza kulia kama nusu saa kabla ya hapo, wakati huoni hata kidole chako vizuri. Anachotaka ni majike wamwendee. Kwa desturi yao jike ndiye anayemfuata dume, na dume kazi yake ni kusimama mahali pa wazi, kujitutumua, kupanua mkia na kuburuta mbawa mpaka aonekane.

Sasa mwindaji anayeita kwa sauti ya jike anamwomba dume afanye kinyume cha desturi hiyo. Anamwambia: njoo wewe. Dume anajibu, tena kwa shauku, lakini miguu yake haiondoki. Anangoja jike ajitokeze. Naye hana haraka, siku nzima ni yake.

Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuka sana, na anaona rangi. Masikio yake hupima mahali sauti ilipotoka kwa usahihi wa kushangaza. Harufu haimsaidii sana, hivyo upepo haukusumbui kama unavyomsumbua anayewinda swala au paa. Kinachokusaliti ni mwendo. Kidole kikipanda kukuna pua, amekwisha kukuona.

Asubuhi ya kila njia inavyokwenda

Mvizia anafika gizani. Jana yake jioni alikwenda kusikiliza mahali ndege wanapoparamia miti, kwa hiyo anajua mti wa kulala ulipo na anakaa umbali wa mita mia moja au zaidi kutoka hapo, asiwashtue. Mgongo wake uko kwenye mti mpana kuliko mabega. Amevaa nguo za rangi ya majani, barakoa na glovu. Mbele yake, hatua ishirini hivi, huenda ameweka sanamu ya jike. Bunduki ya marisau imelala gotini, mdomo wake ukielekea upande anaotarajia dume atokee. Anaita kidogo, kwa sauti ya chini, halafu anaacha. Baada ya dakika kumi na tano au ishirini anaita tena. Kazi iliyobaki ni kukaa.

Mfuataji anaanza mahali pa juu, kwenye mgongo wa kilima, akisikiliza mabonde mawili kwa pamoja. Akikosa mlio, anaiga bundi au kunguru, kwa kuwa dume aliyejaa msisimko wa majira haya hulipuka kwa mlio hata akisikia kelele isiyomhusu. Akijibiwa, anakadiria umbali, anazunguka kwa kujificha nyuma ya kilima, anakaa chini karibu kadiri awezavyo, na hapo ndipo anaita kama jike. Dume asipokuja, anahamia pembe nyingine. Asiposikia kitu kabisa, anatembea mwendo mrefu na kurudia. Ni njia yenye msisimko, na inamfundisha mtu kusoma ardhi haraka kuliko kukaa.

Ukimya

Dume akijibu kila wito wako, yeyote anaweza kusubiri. Tofauti ya njia hizi mbili huonekana anaponyamaza.

Dume aliyenyamaza yuko katika hali mojawapo kati ya tatu. Amepata majike na ameondoka nao. Au amefika kwenye kizuizi, pengine kijito, ua wa waya au kichaka kizito, na amesimama hapo. Au anakuja kwako wakati huu huu, kimyakimya. Ukiwa chini ya mti wako hali zote tatu zinasikika sawasawa: husikii chochote.

Mfuataji huutafsiri ukimya huo kuwa ndege ameondoka, kwa sababu njia yake inamtaka afanye kitu. Anasimama. Ikiwa dume alikuwa njiani, kinachofuata ni kishindo cha mbawa, na ndege mwenye uzito wa kilo tisa au kumi anapotelea bondeni. Bata mzinga akikimbia huweza kufikia kilometa 40 kwa saa, akiruka huzidi 80. Hakuna kumfukuzia.

Mvizia anauacha muda ufanye kazi. Tuchukue dume aliyeondoka na majike. Aprili jike hutaga yai moja karibu kila siku, mpaka afikishe mayai kumi hadi kumi na mawili, kisha huatamia kwa siku kama 28. Asubuhi inapoendelea huachana na dume kimyakimya kwenda kwenye kiota chake. Ikifika saa tatu au saa nne, yule dume aliyekuwa na wake alfajiri yuko peke yake, na wawindaji wakongwe wanasema hurudi kuchungulia mahali aliposikia sauti ya jike aliyekataa kumwendea. Wakati huo wengi wameshakunywa chai mjini. Ndiyo maana saa za kati ya tatu na sita mchana nazithamini kuliko alfajiri yenyewe, ingawa alfajiri ndiyo yenye kelele na uzuri wote. Angalia tu sheria ya jimbo lako: Pennsylvania, kwa mfano, katika wiki za mwanzo za msimu uwindaji hukoma saa sita mchana.

Dume aliyesimama nyuma ya kijito naye, mara nyingine, hupata njia ya kuzunguka. Huchukua muda. Na yule anayekuja kimya ana sababu nzuri ya kunyamaza: mlio wake humwita jike, lakini humwita pia koyote, yule mbwa mwitu mdogo wa Amerika, na humwita mtu mwenye bunduki. Dume wa mwaka wa tatu au wa nne, mwenye kucha ndefu nyuma ya miguu, ameshajifunza. Utajua amekaribia kwa dalili ndogo: majani makavu yanayokwaruzwa na ncha za mbawa, au mvumo wa chini sana anaoutoa akijitutumua, ambao huusikia zaidi kifuani kuliko masikioni. Aliyezoea kutembea hawezi kuusikia mvumo huo, kwa kuwa hatua zake mwenyewe zinaufunika.

Kanuni yangu ni saa nzima tangu mlio wa mwisho. Saa hiyo ikipita, sisimami bado. Nageuza macho polepole, kisha kichwa, upande mmoja hadi mwingine, nikikagua kila kisiki na kila kivuli. Ni hapo mara nyingi kichwa chekundu hujitokeza nyuma ya mti ambao macho yalikwisha kuupita.

Lakini subira isichanganywe na kukaa popote. Dume anapofika mahali ambapo, kwa hesabu yake, angepaswa kumwona jike aliyeita, na asimwone, husimama na kutafakari, kisha anageuka. Ukikaa mwisho wa uwanja mkubwa ulio wazi, atasimama mita mia moja na kuishia hapo, na saa zako za kusubiri zitakuwa za bure. Chagua mahali ambapo akiweza tu kupaona ulipoitia, tayari yuko ndani ya mita 35: nyuma kidogo ya mgongo wa kilima, kwenye kona ya njia ya zamani ya magogo, au hatua chache ndani ya msitu badala ya ukingoni. Mvizia mzuri anafanya kazi kubwa kabla ya kukaa. Hili watu wengi hawalisemi, wanasema tu "vumilia".

Usalama, na mipaka ya watu

Hapa kwangu hakuna ulingano wa nusu kwa nusu. Kichwa cha dume huwa na rangi nyekundu, nyeupe na buluu, tena hubadilika kadiri anavyosisimka. Kwa hiyo mwindaji havai rangi hizo hata kwenye soksi au kitambaa cha kujipangusia. Na kila mwindaji aliye msituni asubuhi hiyo anatoa sauti za bata mzinga. Mtu anayenyata kuelekea mlio huenda ananyata kuelekea binadamu aliyejificha, mwenye kidole karibu na kifyatulio. Pennsylvania imelitungia sheria kabisa: majira ya kuchipua ndege huyu huwindwa kwa kuitwa tu, na kumnyatia ni kosa.

Mfuataji mwangalifu hanyati mpaka mwisho, anasogea kisha anakaa na kuita. Lakini anasogea, na kwenye ardhi ya umma siku za mwanzo za msimu, nyuma ya kila kilima huenda kuna gari la mtu. Mvizia mgongo wake unalindwa na mti mpana, na anaona mbele yake yote. Akimwona mwindaji mwingine anakuja, hapungi mkono wala hatoi mlio wa ndege. Anatulia na kusema kwa sauti kubwa ya kibinadamu: niko hapa.

Kuna na suala la mipaka ambalo sisi wageni tunapaswa kulichukua kwa uzito. Mashariki mwa Marekani mashamba yamegawanyika vipande vidogo, na mlio wa dume haujui ua wa jirani. Anayefuata mlio hujikuta ndani ya shamba la mtu asiyemfahamu, akiwa na silaha, uso umefunikwa, alfajiri. Sihitaji kueleza zaidi hatari iliyopo hapo kwa mtu wetu. Anayevizia kwenye shamba alilopewa ruhusa hubaki ndani ya ruhusa hiyo. Programu ya ramani inayoonyesha mipaka ya viwanja ni lazima kwa mfuataji. Kwa mvizia ni msaada mzuri.

Ardhi, mwili na mfuko

Ukubwa wa ardhi unaweza kuligeuza jibu lote. Shamba la ekari hamsini halimvumilii mfuataji: akimshtua ndege mara moja amehamia kwa jirani, na asubuhi imekwisha. Msitu wa taifa wa Daniel Boone, mashariki mwa Kentucky, ni mamia ya maelfu ya ekari za vilima na makorongo, na ndege wake wametawanyika. Huko kukaa mahali ambapo hujasikia wala kuona dalili yoyote ni kupoteza siku, na mwenye miguu mizuri atapata zaidi kwa kutembea migongo ya vilima. Magharibi ni zaidi bado. Kwenye vilima vya Black Hills huko South Dakota, au kwenye mashamba mapana ya ng'ombe Texas, ndege husafiri mwendo mrefu kati ya mahali pa kulala na mahali pa kula, na nchi iko wazi kiasi cha kumwona dume kutoka mbali. Mtu wetu wa Dallas anayealikwa kwenye shamba la namna hiyo asishikilie mti mmoja kwa sababu ya maneno yangu. Afuate, lakini akishakaa kuita, akae nusu saa kamili kabla ya kuinuka. Hata njia ya miguu inadai subira yake.

Mwili nao una sauti. Kukaa saa nne juu ya mizizi kunauma mgongo na makalio, na mtu mwenye maumivu hujigeuzageuza, ndege akamwona. Nunua mto mnene wa kukalia kabla ya kununua kifaa cha pili cha kuitia ndege. Kwa mtoto au mzee, kihema kidogo cha kujificha ni neema: bata mzinga hakishtukii sana hata kikisimikwa siku hiyo hiyo, na ndani yake mtoto anaweza kula biskuti na kuchezesha miguu. Aliyejeruhiwa goti au mwenye moyo dhaifu aviache vilima bila kufikiria mara mbili.

Kupe wanawahusu wote, lakini anayekaa chini kwenye majani huwapata zaidi. Kentucky ina kupe ambaye kung'ata kwake kunaweza kumwachia mtu mzio wa nyama ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Pulizia nguo dawa ya permethrini siku moja kabla, usiipake mwilini, na ujikague kila mkunjo ukirudi nyumbani.

Kwa vifaa, mvizia anahitaji mto, sanamu moja na kifaa kimoja cha kuitia anachokimudu. Kijisanduku cha mbao ni rahisi kwa anayeanza, ila hutumia mikono miwili na mikono ndiyo mwendo. Kile cha kuweka mdomoni huacha mikono huru, lakini huchukua wiki za mazoezi, na watu wa nyumbani watalalamika. Mfuataji aache sanamu nyumbani na aongeze viatu vizuri.

Kwa Waislamu miongoni mwetu kuna jambo jingine la kupima. Mvizia humpiga ndege aliyetulia, kichwani na shingoni, katika umbali mfupi, na anamfikia upesi. Akimkuta bado ana uhai anapata nafasi ya kumchinja, na jina la Mwenyezi Mungu amekwisha kulitaja alipofyatua. Risasi ya haraka ya mita hamsini kwa ndege anayetembea mara nyingi hujeruhi tu, na ndege aliyejeruhiwa hupotea vichakani. Wanazuoni wametofautiana kuhusu mnyama aliyekufa kwa marisau kabla ya kuchinjwa, hivyo muulize sheikh wako kabla ya msimu kuanza. Tena hata kwa asiye Mwislamu, ndege aliyekufa papo hapo ni jambo tunalomdai mwindaji yeyote. Jaribu bunduki yako kwenye karatasi kwa umbali mbalimbali, ujue marisau yake hutawanyika vipi, na usipige nje ya hapo.

Nani achague nini

Kama huu ni mwaka wako wa kwanza, kama una shamba la mwenyeji aliyekupa ruhusa, kama unakwenda na mtoto, au kama ardhi ya umma iliyo karibu nawe imejaa wawindaji, chagua kuvizia bila kusitasita. Kama unatumia upinde, jibu ni hilo hilo, kwa sababu kuvuta uzi mbele ya macho yale bila kificho ni karibu na muhali.

Chagua kufuata kama umeshakaa misimu kadhaa na unatambua tofauti ya dume aliyetulia na dume anayesogea, kama una msitu mpana usio na watu, na kama siku zako ni chache na hukupata nafasi ya kuchunguza mapema. Siku ya upepo mkali pia inampendelea mfuataji, kwani sauti haifiki mbali na mvizia anaweza kukaa mita mia mbili kutoka kwa dume anayelia bila kumsikia.

Wako pia wanaounganisha: kuvizia karibu na mti wa kulala mpaka saa tatu, kisha kutembea polepole hadi mchana wakikaa na kuita kila kituo. Kwa mwenye uzoefu ni mpango mzuri. Kwa anayeanza nina wasiwasi nao, maana saa tatu ndiyo saa ambayo subira yake ilikuwa inakaribia kulipwa, na mpango unampa ruhusa ya kuinuka.

Njia yoyote utakayochukua, Machi nenda bila bunduki. Simama barabarani alfajiri, usiite kabisa, usikilize tu, na uandike mlio ulitoka mti upi na ulielekea wapi baada ya ndege kushuka. Rudi tena baada ya mvua, utafute nyayo kwenye matope na mistari miwili iliyoachwa na mbawa zilizoburutwa. Dume akishachagua uwanja wake wa kujitutumua huutembelea tena na tena, na ukiujua uwanja huo kabla ya Aprili, utakuwa na sababu ya kukaa.